Kuchangia mashirika ya kutetea wanyama ukiwa Dodoma: anza na mnyama, shirika lifuate

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida wa kanda ya kati, mwenye elfu tano, elfu kumi au hata elfu hamsini ya kutoa kila mwezi, na anayetaka hela hiyo imfikie mnyama kweli. Wafadhili wakubwa wana wakaguzi na wanasheria wao, hawanihitaji mimi.

Wengi huanza kwa shirika. Wameona mtandaoni picha ya mtoto wa mbwa aliyekonda, chini yake kuna namba ya simu, wanatuma elfu kumi, habari inaishia hapo. Baada ya wiki hawakumbuki hata jina la waliowatumia. Nashauri ugeuze mpangilio: kwanza mnyama unayemwona kwa macho yako, kisha tatizo lake, kisha kazi inayoliondoa tatizo hilo, na mwisho kabisa shirika linaloifanya kazi hiyo. Hapo utaweza kuuliza maswali yenye maana, maana utakuwa unajua unachotafuta.

Hatua ya 1: Chagua mnyama uliye karibu naye

Kwa Dodoma na Singida napendekeza watatu: punda, mbwa na kuku. Ng'ombe ana wizara nzima, ana vituo vya utafiti kama kile cha Mpwapwa kilichoanza enzi za Wajerumani, na ana mwenyewe anayemhesabu kila jioni. Paka wa mjini wana shida zao, ila kazi inayowafaa ni karibu ileile ya mbwa: chanjo na kufunga uzazi.

Punda ndiye ningemweka mbele. Tumelelewa tukiambiwa asante ya punda ni mateke na punda haendi bila kigongo, ilhali ndiye anayepandisha maji nyumbani kwa watu wa Bahi, Chamwino, Chemba na Kondoa. Hesabu mwenyewe: dumu la lita ishirini ni kilo ishirini na ushee. Madumu manne mgongoni ni kilo zaidi ya themanini, juu ya mnyama ambaye mara nyingi hafiki kilo mia moja na hamsini. Safari si moja kwa siku. Kiangazi kisima cha karibu kikikauka, safari inarefuka na majani ya kula yanapungua.

Ukitaka kujua shida ya punda iko wapi, mtazame sehemu mbili: mgongo na mabega. Vidonda vya hapo mara nyingi havikutokana na fimbo, vimetokana na matandiko. Kamba ya nailoni inakata ngozi. Gunia moja jembamba likikaa katikati ya dumu na uti wa mgongo ni sawa na kutokuwa na kitu. Na kuna kosa la kiufundi ambalo ni rahisi kulirekebisha lakini limeenea: punda kuvalishwa nira ya ng'ombe. Nira inakaa vizuri kwa ng'ombe kwa sababu ana nundu ya kuisukuma. Punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana, laini, unaopita mbele ya kifua, na mkokoteni ambao uzito wake umesawazishwa juu ya ekseli ili usimning'inie shingoni. Fundi wa kuchomelea mikokoteni akielewa jambo hilo moja, punda wengi wa kijiji wanapona bila sindano hata moja.

Lipo pia suala la ngozi. Wachina hutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao kwa kuchemsha ngozi ya punda, na soko lake lilipopanuka lilifika mpaka huku kwetu: machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Punda hawezi kuhimili biashara ya namna hiyo. Mimba yake huchukua kama mwaka mzima, na kwa kawaida anazaa mmoja tu. Ng'ombe, mbuzi na kuku wanaweza kufugwa kwa haraka ili kufidia wanaochinjwa, punda hawezi. Bei ilipanda, wizi wa usiku ukaongezeka, na familia iliyoibiwa punda ilirudisha dumu kichwani kwa mama na watoto. Mwaka 2022 Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kuusitisha barani kote. Marufuku haimalizi wizi. Ndiyo maana kazi kama kujenga mabanda imara ya usiku na kuwatambua punda kwa alama bado inahitaji fedha.

Mbwa wa huku kwetu ni wa kulinda mifugo na nyumba, na tatizo lake kubwa ni kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu hakuna tiba ya kumponya. Kwa hiyo anayechangia chanjo ya mbwa anamsaidia mnyama na mtoto wa jirani kwa shilingi ileile. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 7 kati ya 10 katika eneo, na ukarudia, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuwapiga risasi au kuwategea sumu mbwa wanaozurura, jambo ambalo bado linafanyika sehemu nyingi, hakuleti matokeo hayo: wanakufa pamoja na waliochanjwa, na nafasi yao inajazwa na wengine ambao hawajachanjwa. Shirika lolote linalokwambia linapunguza mbwa kwa sumu usilipe hata mia.

Kuku je? Watu hucheka wakisikia ustawi wa kuku. Lakini kuku wa kienyeji wa Singida na Dodoma wanasafirishwa zaidi ya kilomita mia nne kwenda Dar es Salaam, wamebanwa kwenye matenga, juu ya basi au nyuma ya lori, na jua la Manyoni tunalijua. Wengine hufika wamekufa, na hasara ni ya mfanyabiashara vilevile. Kabla hata ya safari kuna kideri, ugonjwa wa kuku ambao mara nyingi huzuka kiangazi na kufagia banda zima. Chanjo ya kideri inayostahimili joto hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na inatolewa kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Tatizo la kijiji ni nani atakumbuka miezi mitatu ikifika, na nani atazunguka kaya kwa kaya.

Hatua ya 2: Jua unalipia kazi gani

Ukishachagua mnyama, andika kwenye karatasi kazi moja au mbili unazotaka kuziunga mkono. Kwa punda: matandiko na mafunzo ya mafundi, au matibabu ya vidonda na minyoo. Kwa mbwa: chanjo na kuhasi. Kwa kuku: kideri, au matenga bora na mafunzo kwa wasafirishaji. Ukiwa na karatasi hiyo, shirika likikueleza mipango yake utajua mara moja kama mnaongea lugha moja.

Hapa niseme maoni yangu waziwazi. Fedha inayokosekana zaidi ni ile isiyopigwa picha: mafuta ya pikipiki ya mtaalamu wa mifugo, barafu ya kutunzia chanjo, posho ya kijana anayeandika daftari, vocha ya kuwapigia wenyeviti wa vitongoji kuwakumbusha siku. Mfadhili anapenda kununua kitu kinachoonekana. Lakini dawa iliyokaa kwenye friji Dodoma mjini wakati punda yuko kijijini Mwitikira haimtibu. Ukiweza, andika kwenye maelezo ya mchango wako: "Tumieni hata kwa usafiri." Wafanyakazi wa mashirika madogo watakushukuru kuliko unavyodhani.

Kabla ya kulipia chanjo, muulize afisa mifugo wa kata kama Serikali haijapanga kuifanya kazi hiyohiyo. Mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, kuku wakichanjwa bure na ng'ombe kwa ruzuku. Palipo na kampeni, mchango wako una faida zaidi ukienda kwenye uhamasishaji au kwenye mnyama ambaye kampeni imemsahau. Punda husahaulika kila mara.

Hatua ya 3: Kagua shirika kabla ya kutoa

Wakazi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Ofisi ya Msajili wa NGOs ipo chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi nayo iko hapahapa, Mji wa Serikali Mtumba. Mtu wa Kigoma akitaka kuuliza jambo anapanda basi, wewe unapanda daladala. Na kwenye halmashauri yako kuna afisa maendeleo ya jamii anayezijua NGO za eneo lake.

Angalia mambo haya. Kwanza, usajili: shirika linapaswa kuwa na cheti chini ya Sheria ya NGOs ya mwaka 2002, na kutoa taarifa ya mwaka ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Omba nakala ya taarifa ya mwaka uliopita. Shirika dogo linaweza kukutumia taarifa yenye kurasa nne na makosa ya tahajia, hilo si tatizo. Lisilokuwa nayo kabisa, na linalokasirika ukiiuliza, liache.

Pili, mtaalamu. Anayetibu anapaswa kutambuliwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawasajili madaktari na kuwaandikisha wasaidizi wao, kwa hiyo hata kama anayefika kijijini ni msaidizi mwenye stashahada kutoka LITA (Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo), anapaswa kuwa na namba yake na daktari anayemsimamia. Kijana mwenye moyo mzuri na sindano ya antibaiotiki anaweza kumdhuru punda kuliko kidonda chenyewe.

Tatu, jina linalotokea kwenye simu. Unapotuma kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote, kabla hujaingiza namba ya siri unaonyeshwa jina la mpokeaji. Liwe jina la shirika, kupitia namba ya Lipa au akaunti ya benki ya shirika. Likitokea jina la mtu binafsi, sitisha, uliza. Wakati mwingine maelezo ni ya kweli, hasa kwa kikundi cha kijiji ambacho hakijakamilisha usajili; wakati mwingine ni tapeli aliyechukua picha za shirika la nje na kubadilisha namba. Picha za mbwa waliolala kwenye theluji zikiambatana na namba ya simu ya Tanzania hazihitaji uchunguzi mrefu.

Kuhusu majina: mashirika makubwa ya nje yanayohudumia wanyama wa kazi, kama Brooke iliyoanzia Cairo mwaka 1934, SPANA ya mwaka 1923 na The Donkey Sanctuary ya mwaka 1969, yote ya Uingereza, kwa kawaida hufanya kazi nyingi kupitia washirika wa ndani ya nchi. Hapa Tanzania, TAWESO ya Dar es Salaam, ASPA ya Arusha na INADES-Formation Tanzania yenye makao Dodoma ni kati ya yaliyojihusisha na ustawi wa punda. Nimeyataja ili upate pa kuanzia. Nayo uyaulize maswali yaleyale.

Hatua ya 4: Waandikie, kisha nenda

Ujumbe usiwe mrefu. Unaweza kutumia huu na kubadilisha panapohitajika:

"Habari za kazi. Naitwa ______, naishi Ipagala, Dodoma. Nimesikia mnahudumia punda wilaya ya Bahi, nami ningependa kuchangia kiasi kidogo kila mwezi. Naomba kwanza kujua: mwaka huu mko kwenye vijiji gani? Mtaalamu wenu wa mifugo ni nani, na ametambuliwa na Baraza la Veterinari? Mwezi uliopita mlihudumia wanyama wangapi, na kwa matatizo gani? Kuna jambo mlilojaribu likashindikana? Asanteni sana."

Swali la mwisho ndilo linalochuja. Watu wanaofanya kazi kweli watakwambia kwamba mkanda wa kifua waliougawa mwaka jana ulikuwa mfupi, au wanakijiji waliutumia kufungia mbuzi. Wanaoandika miradi kwa ajili ya ripoti watakujibu kwamba kila kitu kimefanikiwa na wanaokoa wanyama wa Tanzania yote.

Ukiweza, nenda ukaone. Mnada wa Msalato siku ya Jumamosi ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu wa mjini, maana utaona wanyama wanavyoshushwa, wanavyofungwa na kama wana maji, yote kabla hujafika kwenye nyama choma. Kwenda kijijini ni lazima upitie kwa mtendaji au mwenyekiti. Huwezi kuzama tu kwenye maboma ya watu ukikagua punda. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza, na kwa Wagogo ukianza kwa "mbukwa" utaona uso unavyofunguka. Usitoe simu kupiga picha kabla hujaruhusiwa.

Kisha muulize mwenye punda, mfanyakazi wa shirika akiwa pembeni kidogo: hawa wakija huwa wanafanya nini? Mara ya mwisho walikuja lini? Walirudi kuangalia kidonda? Akikuonyesha mkanda uliotengenezwa kwa gunia na blanketi kuukuu, na akajua kuurekebisha mwenyewe, umepata jibu bora kuliko taarifa ya mkaguzi. Akikwambia waliwahi kuja mara moja na kamera, nalo ni jibu.

Hatua ya 5: Toa kidogo, mfululizo, na kwa msimu

Elfu tano kila mwezi kwa mwaka ni elfu sitini. Kwa shirika dogo, elfu sitini zinazojulikana zitaingia lini zina thamani kuliko laki moja iliyodondoka ghafla mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu wanaweza kupanga safari kwa kuzitegemea.

Hata hivyo usipuuze msimu. Mvua ya kanda ya kati ni moja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Punda huteseka zaidi kuanzia Agosti hadi Novemba, maji yakiwa mbali na malisho yakiwa mabua ya mtama na uwele. Kama unaweza kuongeza kwa miezi minne tu, ongeza hiyo. Kwa mbwa, tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na halmashauri nyingi huchanja karibu na siku hiyo, hivyo fedha ya maandalizi ifike Agosti. Kwa kuku wanaosafirishwa, msongamano mkubwa ni wiki za kuelekea Krismasi, Mwaka Mpya na Idd.

Peke yako utachoka. Wengi tumo kwenye vikoba, na kikoba kina mfuko wa jamii. Pendekeza kwenye kikao kwamba sehemu ndogo ya mfuko iende kwenye kazi moja ya wanyama kwa mwaka mmoja. Utapingwa, jiandae: "Watu wana njaa, wewe unaleta habari za punda?" Jibu linalofanya kazi kwenye vikao ni kuuliza maji ya wajumbe waliokulia kijijini yalibebwa na nani. Kwa jumuiya za dini ni rahisi zaidi. Kwa Waislamu, simulizi ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana mpaka na watoto wa madrasa, na Mithali 12:10 inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake.

Dai risiti kila mara, hata kwa elfu tatu. Hifadhi ujumbe wa muamala. Mweka hazina wa kikoba atakuuliza.

Hatua ya 6: Ukitoa vitu, uliza kwanza

Usinunue dawa. Utanunua isiyohitajika, au itaharibika kwenye boneti ya gari kwa joto la mchana. Vitu vinavyokaribia kukubalika kila mahali ni magunia safi, mablanketi makuukuu, kamba za pamba zisizo za nailoni, mikanda ya magari iliyotoka kwa mafundi, sabuni, ndoo na madumu. Kwa wanaohifadhi wanyama waliodhoofika, mashudu ya alizeti kutoka viwanda vya kukamua mafuta vya Singida au Kibaigwa yanafaa kuongezea nguvu, kwa kiasi na kwa ushauri wa mtaalamu. Punda ana tumbo jepesi kudhurika kwa chakula kizito cha ghafla.

Hatua ya 7: Toa mikono

Siku ya kuchanja mbwa inahitaji watu wengi wasio na ujuzi wowote wa sindano. Kuna wa kuandika majina ya wenye mbwa, wa kujaza kadi, wa kupanga foleni ili mbwa wasikaribiane na kupigana, wa kuwafunga utepe shingoni waliokwisha kuchanjwa. Yote haya yanafanyika asubuhi mapema, chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, kabla jua halijawa kali. Chanjo lazima ikae kwenye kibebeo chenye barafu, kati ya nyuzi joto 2 na 8, na mtu mmoja awe na kazi ya kuhakikisha kifuniko hakiachwi wazi. Inaonekana kazi ya kipuuzi mpaka ufungue kibebeo saa sita mchana ukute maji ya uvuguvugu.

Mbwa wengi huletwa na watoto. Tangazo la siku hiyo liseme wazi kwamba mbwa aletwe na mtu mzima anayemfahamu, akiwa amefungwa kamba. Wewe kama msaidizi usishike mbwa usiyemjua. Hiyo ni kazi ya waliokwisha kupata chanjo ya kinga wenyewe. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba hana ugonjwa.

Wenye fani nyingine msijione hamna nafasi. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza mkokoteni mmoja wa mfano. Fundi cherehani anaweza kushona mikanda ya kifua. Mhasibu akitoa Jumamosi moja kupanga vitabu vya shirika dogo, atakuwa amelipa kitu ambacho lingelazimika kukilipia.

Na kuna msaada usiopitia shirika lolote: ukinunua kuku mnadani, usimbebe kichwa chini miguu juu mpaka nyumbani. Mkumbatie ubavuni, mabawa yakiwa yamebanwa. Muuzaji atakutazama, na mwanao pia.

Hatua ya 8: Ukiona ukatili

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kumpiga mnyama kikatili, kumtwika kupita kiasi, kumnyima maji na chakula ni makosa. Anza kwa afisa mifugo wa kata au mtendaji. Likiwa kubwa, polisi. Eleza mahali, muda, mnyama gani na nini kimefanyika.

Kupiga picha ya mwenye punda na kuirusha mtandaoni sikushauri. Mara nyingi aliyeshika fimbo ni mtoto aliyetumwa maji, au kibarua ambaye punda si wake. Ukimwaibisha, atabadilisha njia ya kupita, na punda ataendelea na kidonda kilekile. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si mali yako. Mpe shirika ulilochagua jina la kijiji na aina ya tatizo, liende likiwa na matandiko mkononi. Tofauti na hapo ni mtu anayetesa kwa makusudi au anayekusanya punda usiku kwa ajili ya magendo: huyo ripoti moja kwa moja polisi, usijaribu kumkabili.

Hatua ya 9: Fuatilia, na ujue lini uhame

Kila baada ya miezi sita uliza maswali yaleyale ya ujumbe wa kwanza. Linganisha majibu. Vijiji ni vilevile? Wamerudi walikopita? Namba zinaweza kushuka na bado kazi ikawa nzuri: vidonda 40 mwaka jana na 15 mwaka huu katika kijiji kilekile ni habari njema, japo ripoti itaonekana nyembamba. Anayekuletea namba zinazopanda tu, muulize zinapandia wapi.

Wasipojibu mara mbili mfululizo, sitisha mchango na uwaambie sababu kwa ustaarabu. Wakati mwingine mhusika aliacha kazi au simu iliibiwa, na utaratibu unarejea. Wakifunga kabisa, muulize afisa mifugo wa kata ni nani anayeendelea kuwahudumia wanyama wale, maana mara nyingi yupo mtu, msaidizi wa mifugo wa kijiji aliyefundishwa na shirika lile, ambaye bado ana ujuzi na daftari lakini hana mafuta ya pikipiki. Kabla ya kutafuta shirika jipya, zungumza na huyo kuhusu kusajili kikundi kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, kisha mchango wa kikoba uhamie huko kwa jina la kikundi, na mihtasari iandikwe.